Msiba wa Meru kwa Lugha ya Hakimu

Lipo neno ambalo wapenda vitabu wa Arusha hulirudia kila wanapokaa kitako kuzipima riwaya walizozisoma. Husemwa ya kwamba Kiswahili kina riwaya za bahari lakini hakina riwaya ya mlima. Kwamba lugha hii inajua kuyaeleza mawimbi, majahazi, mabaibui na vichochoro vya Mji Mkongwe, lakini ikipandishwa Meru, penye baridi, migomba na mibuni, huishiwa pumzi. Kwa hiyo, humalizia msemaji, atakaye kuusoma mlima na ausome kwa Kiingereza.

Mwenye kulisema neno hilo si mjinga, wala si mvivu wa kusoma. Aghalabu ndiye msomaji hodari kuliko wenziwe. Ameimaliza Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ameumia pamoja na Maimuna wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ameishi bandarini na makuli wa Adam Shafi, na akitajiwa Euphrase Kezilahabi huvitaja vitabu vyake kwa mfululizo, toka Rosa Mistika ya 1971 hata Mzingile ya 1991. Wenziwe humsikiliza. Akisema kitabu hiki kisomwe, husomwa. Akisema kiachwe, huachwa. Na kwa kuwa mahali pa kuhakikia riwaya ya Kiswahili magazetini ni haba, hukumu ya msomaji wa namna hiyo, ikitoka mdomo hadi mdomo, ndiyo inayogeuka kuwa uhakiki wenyewe. Kwa hiyo neno lake halina budi kupimwa kama lipimwavyo neno la mhakiki. Na likipimwa, huonekana limepungua mizani.

Na lianze lile lililo kweli ndani yake. Riwaya ya Kiswahili ilipopevuka, ilipevukia sana visiwani. Muhammed Said Abdulla alimtoa Bwana Msa uwanjani kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka 1978, inamfuata mtumishi toka jikoni kwa bwana wake hadi Mapinduzi ya 1964. Kuli, ya mwaka uliofuata, imejengwa juu ya mgomo wa wapagazi wa bandari ya Unguja wa 1948. Na Vuta N'kuvute ya 1999 inaurejesha mji wa Unguja wa siku za mwisho za mkoloni, pamoja na taarabu yake na siasa yake. Atafutaye kwa Kiswahili riwaya ya kadiri hiyo iliyosimama juu ya mteremko wa Meru atatafuta sana. Hapo hapana ubishi. Ubishi upo katika sababu inayotolewa. Msomaji wa Arusha anaitupia lawama lugha, ilhali lugha haikutenda kosa lolote.

Ili ijulikane lawama ni ya nani, hadithi yenyewe ya mlima na ikumbukwe, kwani wengi wa mwambao wanaijua kwa jina tu. Wameru wanaokusudiwa hapa ni wale wa Tanzania, wakaao kwenye miteremko ya mashariki na kusini ya mlima huo, majirani wa Waarusha walio upande wa magharibi. Mlima uliwatosha hadi walipokuja Wajerumani, na baada yao Waingereza, wakaigawa ardhi ya chini yake kuwa mashamba ya walowezi, hata wenyeji wakajikuta wamebanwa baina ya msitu juu na mashamba ya wageni chini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ilikaa tume ya Jaji Mark Wilson kuichunguza ardhi ya Arusha na Moshi, na katika mapendekezo yake yakatokea yale yaliyowatoa Wameru Engare Nanyuki ili pafanywe mashamba ya mifugo ya Wazungu. Wameru walikataa. Novemba 1951 wakaondolewa kwa nguvu, watu wapatao 3,000, na nyumba zao zikatiwa moto.

Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Wameru walijua maana yake: kwamba Uingereza nayo inaye wa kumjibu. Wakachanga fedha, wakamshika wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na mwaka 1952 kesi yao ikasikilizwa New York. Kirilo Japhet, mtoto wa Meru, akasimama mbele ya mataifa akaeleza yaliyotendwa kwao. Kura zilizopatikana katika Baraza Kuu hazikutimia theluthi mbili, na ardhi haikurudi kwa hukumu ya New York. Lakini jambo lilikwisha kutendeka ambalo halikuwahi kutendeka. Kirilo aliporejea alizunguka Tanganyika, mji kwa mji, akiwaeleza watu habari za Engare Nanyuki, na watu wa makabila ambayo hayajapata kuuona Mlima Meru wakaelewa kwamba lililompata Mmeru laweza kumpata yeyote kati yao. TANU ilipozaliwa Julai 1954, masikio ya nchi yalikuwa yamekwisha kuzoea kuusikia ukoloni ukishitakiwa hadharani.

Hadithi yenye ukubwa huo haingekosa kuingia vitabuni, na iliingia. Mwaka 1967 Kirilo Japhet na Earle Seaton walichapisha Nairobi kitabu chao cha The Meru Land Case. Mwaka uliofuata, Peter Palangyo, mzaliwa wa Nkoaranga, alitoa katika mfululizo maarufu wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann riwaya ya Dying in the Sun, yaani Kufa Juani, ya kijana Ntanya arejeaye kijijini kwa baba aliye mahututi, baba aliyemchukia miaka yote. Mwaka 1974, Ismael Mbise, naye mtu wa Meru, akatoa kwa Tanzania Publishing House riwaya ya Blood on Our Land, Damu Juu ya Ardhi Yetu, iliyoichukua kesi ile ya ardhi na kuifanya hadithi ya watu wenye majina, wake, ng'ombe na makaburi ya wazazi. Vitabu vitatu katika miaka saba, vyote vya wenyeji au vya kushirikiana nao, vyote vya thamani. Na vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye fundo la mjadala. Mlima haukukosa waandishi, wala haukukosa hadithi. Kilichotokea ni kwamba hadithi ilipelekwa nyumba nyingine, kisha wapita njia wakaiangalia nyumba ya kwanza wakasema: Tazameni, ni tupu, bila shaka wenyewe hawajui kupamba.

Ajabu yake ni tarehe. Mwaka 1967, mjini humo humo Arusha, lilipitishwa Azimio ambalo lilisemwa na kuandikwa kwa Kiswahili, na kila mtu aliyelipenda au kulichukia aliligombania kwa Kiswahili. Lugha ile iliweza kubeba miliki ya njia kuu za uchumi, unyonyaji, kujitegemea na maadili ya viongozi. Hata walioathirika na Azimio hawakudai kuwa hawakuelewa. Mwaka mmoja baadaye, msiba wa mtoto wa Nkoaranga na baba yake ukaonekana hauwezi kusemwa kwa lugha hiyo hiyo. Anayeamini kwamba Kiswahili kilitosha kutaifishia mabenki lakini hakikutosha kumlilia baba, na atoe hoja yake.

Hoja itolewayo ni kwamba Kiingereza kiliifikisha kesi kwenye macho ya dunia, na riwaya ilifuata njia iliyofunguliwa na kesi. Hoja hii ina heshima yake. Wameru hawakwenda New York kuimba. Walikwenda kudai, na mwenye kudai husema kwa lugha anayoisikia mwamuzi. Lakini kesi na riwaya ni vitu viwili. Kesi huandikwa kwa lugha ya hakimu. Msiba huliliwa kwa lugha ya wafiwa. Kesi ikisikika na hakimu imetimiza kazi yake, hata kama aliyenyang'anywa hakufahamu neno lililosemwa. Riwaya isiposikika na aliyenyang'anywa, wala na mjukuu wake, imetimiza kazi gani? Itakuwa imemweleza mgeni habari za mwenyeji, na mwenyeji amekaa pembeni ya mazungumzo kama shahidi aliyekwisha kutoa ushahidi na kuambiwa asubiri nje.

Na Kirilo mwenyewe ameacha mfano usiohitaji maelezo. New York alihitaji wakili na kamati. Lakini alipotaka Tanganyika yote ijue, hakuwa na haja ya mkalimani. Kesi iliyokuwa ya kata moja ya mlimani iligeuka kuwa kesi ya nchi kwa sababu ilisimuliwa kwa lugha ambayo mkulima, karani na mchukuzi wangeweza kuisikia pamoja na kuichukua kwenda nayo nyumbani. Kiswahili kilikwisha kuibeba hadithi ya Meru miaka zaidi ya ishirini kabla ya riwaya ya Mbise kutoka. Asemaye kwamba lugha hii haiujui mlima amesahau nani aliyeutoa mlima mlimani.

Lawama hii isiwaangukie Palangyo na Mbise. Waandishi wale walikuwa watoto wa skuli zilizofundisha fasihi kwa Kiingereza. Walisoma riwaya kwa Kiingereza, na wachapishaji waliofungua mlango kwa vijana wa Afrika Mashariki walifungua mlango huo. Mzazi halaumiwi kwa kuzaa ugenini. Walaumiwe ndugu walioona mtoto amezaliwa, wakampongeza, kisha wasiende kumchukua.

Atainuka hapa msomaji wa mlimani na kusema: hata Kiswahili si lugha ya wafiwa. Bibi aliyetolewa Engare Nanyuki alilia kwa Kimeru. Ikiwa ni ugeni, basi Kiingereza na Kiswahili vyote ni vigeni, na tofauti ni ya nauli tu. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na haifai kupuuzwa kwa kelele za uzalendo.

Jibu lake liko Ukerewe. Katika kisiwa hicho cha Ziwa Victoria, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika riwaya kubwa kwa Kikerewe, habari za Myombekere na mkewe Bugonoka: ndoa, utasa, uganga, kilimo, pombe, kilio na ukarimu wa watu wake. Hakuna aliyekubali kuichapa kwa lugha ile. Kitereza hakuitupa, wala hakungoja mgeni aje kuiokoa. Aliketi mwenyewe akaitia Kiswahilini, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Msomaji wa riwaya hiyo hakutani na Mkerewe aliyevaa kanzu ya kuazima. Anakutana na Mkerewe kamili, na majina yake, methali zake na namna yake ya kuamkia wakwe. Kiswahili hakikummeza, kilimkaribisha akakaa kama alivyo. Na kwa kuwa aliingia kwa mlango huo, Mdigo, Mpemba na Mmeru waliweza kumjua bila kupitia London.

Ukerewe huo huo umetoa ushahidi mwingine. Gabriel Ruhumbika alianza kama walivyoanza wenzake wa Meru: mwaka 1969 alitoa riwaya ya Kiingereza, Village in Uhuru. Kisha akageuka. Miradi Bubu ya Wazalendo na Janga Sugu la Wazawa, riwaya mbili zinazowauliza Watanzania wameufanyia nini uhuru wao, aliziandika kwa Kiswahili. Hakuna anayeweza kusema kwamba alipogeuza lugha, fikra zake zilipungua kimo; wanaosema hivyo hawajazisoma. Na Kezilahabi, naye wa Ukerewe, ndiye aliyeipeleka riwaya ya Kiswahili mahali ambapo hata mwambao haukuwa umeifikisha. Gamba la Nyoka, riwaya yake ya vijiji vya ujamaa na waliovipinga, ilitolewa mwaka 1979 na wachapishaji wa Arusha. Mji wenyewe unaolalamika kwamba Kiswahili hakina riwaya ya bara uliwahi kuichapa mojawapo ya riwaya bora za bara.

Basi tofauti ya Kiingereza na Kiswahili kwa mtu wa Meru si ya nauli tu. Lugha ya pili ambayo mtu anaitumia sokoni Tengeru, kanisani, kwenye baraza la kijiji, kwa mganga na kwa mchumba, imekwisha kuwa na machozi yake. Lugha anayoikuta kwenye fomu na mtihani ina woga wake tu.

Yafaa pia msomaji hodari wa Arusha aulizwe namna anavyozisoma riwaya za visiwani. Husema ni za bahari. Je, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1976, ni ya bahari? Humo kuna binti aliyekataliwa katika ukoo wake kwa rangi ya ngozi yake, akapata maisha juu ya kipande cha shamba pamoja na mume aliyezoea jembe, hata wenye nguvu wakaja kudai kwamba hata hicho si chake, na ugomvi wa ardhi ukaishia katika damu. Hadithi hiyo ikisomwa Ngarenanyuki, mbele ya wazee waliosimuliwa na wazazi wao habari za mwaka 1951, ni nani atakayeuliza bahari iko wapi? Atakachokisikia ni jembe likigonga udongo ambao mwingine ameuandikia hati. Msomaji aliyezoea kuipanga riwaya kwa mandhari yake, hii ya pwani, hii ya bara, hii ya mjini, anapanga maganda na kuacha kokwa. Damu juu ya ardhi ni neno lililosemwa Meru kwa Kiingereza na kusemwa Unguja kwa Kiswahili katika miaka ile ile, na waliolisema hawakukutanishwa.

Lakini haitakuwa haki kuusuta mlima na kuuacha mwambao ukipiga makofi. Arusha isingeliona Kiswahili kuwa mali ya bahari kama wenye bahari wasingalijitangaza kuwa ndio wenye hati. Mara ngapi mpenda fasihi wa pwani amefungua kitabu cha mwandishi wa bara, akakutana na neno asilolizoea katika ukurasa wa kwanza, akakifunga kwa tabasamu? Mara ngapi "Kiswahili cha bara" kimesemwa kwa sauti ile isemwayo chai isiyo na sukari? Mwandishi wa Meru aandikapo juu ya mfereji unaoshuka toka msituni na zamu za watu kuugawana, juu ya kihamba na mgomba, hana budi kuleta maneno ambayo Lamu na Makunduchi hawakuyahitaji. Akiyaleta, huambiwa ameichafua lugha. Akiyaacha, huambiwa hana ladha. Asiyeona kwamba mtu huyo atakimbilia Kiingereza, ambako hakuna shangazi wa kumkosoa lafudhi, haoni mbali.

Wapenda ushairi wanaujua ugonjwa huu vizuri kuliko wengine, maana ulizuka nyumbani kwao. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, mjadala ulipamba moto, na wako waliosema kwamba hayo si mashairi ya Kiswahili kamwe. Kuulinda urari ni haki ya mshairi. Utenzi na shairi la tarbia ni hazina ambayo mwenye akili haichezei. Lakini miongoni mwa waliokuwa wakilinda urari walikuwamo waliokuwa wakilinda lango. Leo, miaka zaidi ya hamsini baadaye, shairi la vina lipo hai na shairi huru lipo hai, na Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, anasomwa na watoto wa waliomkataa. Lango lililolindwa kwa ghadhabu kubwa halikuwa na ukuta ubavuni. Nyumba njema si mlango, waliusia wahenga; lakini bawabu mkali huifanya hata nyumba njema ikose wageni.

Na kama visiwa vinadhani msiba wa hadithi iliyozaliwa ugenini ni wa watu wa mlima peke yao, mwaka 2021 uliwasuta. Oktoba ya mwaka huo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na furaha iliyotanda ilikuwa ya haki. Lakini ndani ya furaha hiyo mlikuwa na aibu ambayo wengi waliimeza kimya: idadi kubwa ya waliomshangilia hawakuwa wamesoma hata ukurasa wake mmoja, kwa kuwa riwaya zake zote aliziandika kwa Kiingereza. Paradise, iliyotoka 1994, inamchukua kijana Yusuf toka nyumbani kwao hadi pwani, kisha bara ndani pamoja na msafara wa biashara. Nchi yake ni nchi ya watu hawa, na kipindi chake ni kile cha kuingia kwa Wajerumani. Mpaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoifasiri na Mkuki na Nyota kuichapa kwa jina la Peponi, mwenye kutaka kuisoma kwa lugha ya Yusuf alikuwa hana pa kushika. Miaka ishirini na minane kitabu kilizunguka dunia kabla ya kubisha hodi nyumbani.

Basi mlima na kisiwa wana kidonda kimoja. Tofauti ni kwamba kisiwa kimeanza kutibiwa, na dawa yake inajulikana. Si dawa mpya. Mwalimu Nyerere, ambaye lugha ya mama yake ilikuwa Kizanaki, alimsemesha Shakespeare Kiswahili mwaka 1963 alipofasiri Julius Caesar. Clement Ndulute alimleta Okonkwo wa Chinua Achebe katika Shujaa Okonkwo mwaka 1973. Katikati ya miaka hiyo ya sabini Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyetoka gerezani na diwani ya Sauti ya Dhiki, aliichukua riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana na kuifanya Wema Hawajazaliwa. Hapa na pasimame kidogo mpenda mashairi. Mjuzi wa vina na mizani kama yule, aliyekulia katika Kiswahili cha Mvita, hakuona kwamba harufu ya Ghana ingeichafua lugha yake. Aliona kwamba lugha yake ina nafasi. Iliyoweza kumpokea mtu wa Ghana itashindwaje kumpokea mtu wa Nkoaranga?

Kinachodaiwa, kwa hiyo, kinaweza kusemwa bila kuzungushwa. Riwaya za Mbise na Palangyo ziwe mikononi mwa msomaji wa kawaida kwa Kiswahili, katika maktaba za skuli za Meru na za Arusha kwanza, na katika maduka ya vitabu ya Unguja na Mombasa baadaye. Afasiri mtu anayeijua mifereji ile kwa miguu yake, na muswada wake usomwe na mtu wa pwani, si kwa kupunguza maneno ya mlima bali kwa kuyatafutia kiti. Kitabu cha kesi ya ardhi cha 1967 nacho kiwe pamoja nazo, ili mjukuu wa aliyechomewa nyumba asihitaji kufaulu mtihani wa Kiingereza kwanza ndipo ajue babu yake alifanywa nini. Lugha hii ina siku yake: UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukaifanya lugha ya kazi Februari 2022. Hayo ni mapambo ya harusi. Lugha haiishi kwa ngoma za Julai ikiwa Agosti mtoto wa Usa River akiulizia riwaya ya mlima wake anapewa kamusi.

Na msomaji hodari wa Arusha, ambaye hukumu zake hutembea mjini kuliko magazeti, anadaiwa zaidi ya wote, kwa kuwa anasikilizwa. Kusema kitabu ni kitamu au si kitamu ni haki yake, na ulimi wake katika jambo hilo umejaribiwa. Lakini kila akimaliza kusifu au kuponda, na aulize swali moja zaidi mbele ya wenziwe: kitabu hiki kinawahusu akina nani, na je, wao wanaweza kukisoma? Akiliuliza hilo mbele ya Blood on Our Land, hatasema tena kwamba Kiswahili hakina riwaya ya mlima. Atasema kwamba mlima una riwaya iliyowekwa rehani, na kwamba rehani hukombolewa na wenye mali. Walowezi wa Engare Nanyuki wameondoka siku nyingi, na ardhi ile imerudi kulimwa na Wameru. Hadithi yake bado haijarudi.